Siku Mumbua Alipobeba Sahani Yake

Jumanne, wiki ya kwanza ya muhula. Jioni, jua bado halijazama.

Joto la leo lilikuwa la hapa kwetu Mutomo kabisa, lile linalowafanya mbuzi wajipange kwenye kivuli chembamba cha ukuta kama watu walio kwenye foleni. Sijalalamika hata mara moja. Nimeketi kwenye kizingiti cha jikoni na simu ya Mama, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Mimi si mtu wa kusema mambo yangu. Shuleni wananiita Maktaba, na sidhani ni kwa sababu ya akili. Nadhani ni kwa sababu ya kunyamaza. Kwa hivyo naandika.

Leo mdogo wangu Mumbua ameanza shule.

Kwa watu wengine hiyo si habari. Kila Januari watoto wanaanza shule, wanalia, wanazoea. Kwetu ni habari kubwa kiasi kwamba Baba, ambaye ni dereva wa lori na leo alikuwa mahali fulani kati ya Mombasa na Nairobi, amepiga simu mara tatu. Mara ya tatu alisimama Kiboko kando ya barabara ili asikie vizuri.

Mumbua ana miaka sita. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lake, baada ya Mama kuumwa uchungu siku mbili nzima. Tangu hapo upande wake wa kulia umekuwa mzito. Mguu ulichelewa lakini ulikuja. Anatembea akiuvuta kidogo, na akikimbia ni kama mtu anayeruka vidimbwi. Mkono haukuja. Ulibaki umekunjwa kifuani, ngumi imefungwa, kidole gumba kimejificha ndani. Tulimzoea hivyo. Tulimlisha, tukamvalisha, tukamnawisha uso. Nilidhani huo ndio upendo, na kusema kweli, sehemu yake ilikuwa upendo.

Mwaka jana mwezi wa saba Mama alimpeleka kuandikishwa chekechea, kwenye shule ya msingi iliyopakana na sekondari yetu. Mwalimu Kalekye, ambaye ndiye mwalimu wa chekechea, hakumzungusha.

"Mama Mwende, sikatai mtoto," alisema. Mwende ni mimi. "Lakini niko peke yangu na darasa limejaa. Saa sita wanapanga foleni jikoni, kila mmoja anapokea sahani yake, anaenda kuketi, anakula. Huyu nani atambebea? Nani atamlisha? Akiweza hilo moja tu, mlete Januari, hata kama hajui herufi."

Hilo moja tu. Mama alirudi nyumbani akaeleza akiwa amesimama, bado ameshika mkoba, kisha akaingia chumbani na hakutoka mpaka chai ilipopoa.

Tukaanza kutafuta. Tatizo ni kwamba hatukujua tunatafuta nini. Tulijua kuna mtu mahali fulani anayefundisha mikono kama ya Mumbua, lakini anaitwaje? Ni vigumu kutafuta kitu usichojua jina lake. Hata kamusi haikusaidii, kwa sababu lazima ujue herufi ya kwanza. Kanisani tulisikia habari za mtaalamu Machakos. Jirani alisema hakuna, labda Nairobi. Baba aliuliza kila aliposimamisha lori, na huko Malili mwanamke mmoja muuza matunda akampa namba ya simu akiapa kwamba mtu huyo amesaidia watoto wengi. Tulipiga. Mwanamume akapokea, akatusikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi huuza matangi ya maji. Lakini Mungu awasaidie."

Nilicheka siku hiyo, halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Tulimpata mtu wetu mwezi wa nane, hapa hapa, kwa sababu ya kikohozi. Mumbua alikuwa anakohoa, mimi nilikuwa likizo, tukaenda hospitali sote watatu. Mimi husoma kila kilichoandikwa. Nasoma pakiti za unga, maboksi ya dawa, matangazo ya mazishi ya watu nisiowajua. Nikiwa nasubiri, nilisoma ubao wote wa matangazo, na chini kabisa kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: watoto wenye shida ya kushika, kula au kuvaa, Alhamisi, chumba cha mwisho upande wa nyuma.

Ilikuwa Alhamisi.

Mtu mwingine angeuliza chumba hicho kiko wapi. Mimi nilizunguka hospitali mara mbili nikijifanya ninajua ninakoenda. Kisha nikamwona mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, mtoto mwenye miguu iliyokakamaa kama mkasi, nikaamua kwamba lazima anaenda huko, nikamfuata. Alipopinda kona nikapinda. Aliposimama kufunga leso nikasimama.

Akageuka. "Wewe msichana, mbona unanifuata tangu kwenye dirisha la dawa?"

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba natafuta chumba cha mwisho.

"Si ungeuliza! Sasa ningekuwa naenda choo je?" Alicheka mpaka mtoto mgongoni akatikisika, akanishika mkono, akanipeleka mpaka mlangoni.

Ndani kulikuwa na mkeka, chupa za plastiki zenye maharagwe, vibanio vya nguo vimebanwa kwenye kopo, na mwanamke kijana aliyeketi chini bila viatu. Wenyewe pale wanaita kazi hiyo OT. Yeye alitueleza kwamba ni tiba ya shughuli: anamfundisha mtoto mambo ya kila siku ambayo mwili unatakiwa kufanya kuanzia asubuhi, kula, kuvaa, kushika, kucheza. Mama alimwita Daktari. Alikataa, akasema yeye si daktari, aitwe Nthenya. Mama hakuweza. Mpaka leo ni Daktari Nthenya.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumpa Mumbua peremende iliyofungwa. Mama akanyoosha mkono kuifungua, bila hata kufikiri.

"Mama," Daktari Nthenya alisema, "kalia mikono yako."

Mama alidhani ni utani. Haukuwa utani. Akakalia mikono yake kama mtoto wa darasa la kwanza, nami, ingawa sikuambiwa, nikakalia yangu. Tukatazama. Mumbua alivuta karatasi kwa meno, akaibana katikati ya magoti, akavuta tena kwa mkono wa kushoto. Ilichukua muda mrefu sana. Mkono wa kulia ulibaki kifuani kama mgeni aliyekuja kutembea na haambiwi ashike nini. Peremende ilipofunguka, Mumbua alitutazama kwanza kabla ya kuila. Sikuwahi kumwona na uso ule.

Tulipewa kazi za nyumbani, na mimi nikaziandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu wa mtihani. Mkono wa kushoto uvishwe soksi nusu saa kwa siku, wakati wa kucheza, ili ule wa kulia upate nafasi ya kujaribu. Soksi ikitoka, michezo ya mikono miwili. Akichoka au akilia, iachwe. Na mstari wa mwisho, ambao niliupigia mstari chini: mkono wa kushoto usigombezwe, ndio mkono wake. Turudi baada ya mwezi na nusu.

Likizo yote nilifanya naye mimi mwenyewe. Tulikuwa tunaiita soksi "bwana kipofu" na tulisukuma machungwa sakafuni kwa ngumi ya kulia. Kufikia mwisho wa Agosti ngumi ilikuwa inafunguka kidogo, vidole viwili, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiye na uhakika kama anataka wageni.

Halafu shule zikafunguliwa. Na sasa nafika kwenye sehemu ambayo sijamwandikia mtu yeyote.

Mchana Mumbua alikuwa akibaki na Susu. Susu ni nyanya yetu, mamake Baba. Hasomi, lakini anafuma viondo, vikapu vya katani, ambavyo watu wanatoka mbali kuvifuata. Susu anampenda Mumbua kupita sisi sote. Lakini Susu alilelewa, kama wazee wote wa kwetu, kwamba huwezi kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Ni kumdharau. Tangu Mumbua alipojua kunyoosha mkono, Susu alikuwa akiupiga kofi dogo ule wa kushoto. "Huo ni mkono gani unanipa?" Angezuia kikombe mpaka Mumbua ainue ngumi ya kulia angalau kidogo. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa anamfundisha adabu, kama alivyotufundisha sote.

Asubuhi ya kwanza ya muhula nilikaa na Susu kumsomea daftari, nikitafsiri kwa Kikamba. Nilisoma kwamba mkono wa kushoto ufungwe soksi ili wa kulia ujifunze kazi.

Susu akapiga makofi. "Si ndivyo nimekuwa nikisema! Miaka yote! Hata huko hospitali wamejua!"

Alifurahi sana. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Na mimi, nilipofika kwenye mstari niliokuwa nimeupigia mstari chini, macho yangu yakauruka. Ningemwambiaje Susu, mwenye umri ule, kwamba daktari msichana anasema amekuwa akikosea? Na ile nusu saa? Niliisema haraka, nikiwa nimesimama, nikifunga begi, hata sina uhakika niliisema. Nilikuwa nachelewa shule. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa, na kilinitosha karibu mwezi mzima.

Mumbua alianza kukonda. Mama akasema ni minyoo, akanunua dawa ya minyoo. Jioni, sote tukirudi, soksi haikuwepo, kwa hivyo hatukuona kitu. Mumbua tu alikuwa kimya zaidi. Niliona, nikajiambia kwamba hata mimi ni mkimya.

Siku tuliyofunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula tuliachiliwa saa nane. Nilifika nyumbani nikawakuta nyuma ya ghala. Susu alikuwa anafuma, anaimba wimbo wa kanisani polepole. Mumbua alikuwa ameketi kando yake, mkono wa kushoto ndani ya soksi, na soksi imefungwa kwa uzi wa katani kwenye kifundo cha mkono. Sahani ya chakula cha mchana ilikuwa mbele yake, imejaa, imefanya ukoko juu.

"Tangu asubuhi anakataa," Susu alisema kwa huzuni ya kweli. "Nampa muda. Mkono wa heshima utakuja tu, hata kama ni polepole."

Tangu asubuhi.

Nilifungua uzi. Uliacha alama kwenye ngozi. Mumbua hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichukua mkono wake wa kushoto, ule mzuri, akauficha nyuma ya mgongo. Nami nikamwambia Susu kwamba daktari amesema leo imetosha. Uongo mwingine wa adabu, juu ya ule wa kwanza.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku yetu ya kurudi. Daktari Nthenya alipotoa soksi kwenye kikapu chake, Mumbua alipiga ukelele na kutambaa mpaka nyuma ya Mama. Daktari aliirudisha soksi taratibu, akaifunika.

"Nini kimetokea nyumbani?" aliuliza.

Mama alimtazama Mumbua, akanitazama mimi. Hakujua. Mama hakujua chochote, na kwa dakika moja niliona kwamba ningeweza kunyamaza na jambo lingepita, na Mumbua angebeba lawama yeye mwenyewe: mtoto mwoga, mtoto asiyetaka. Na Januari ingefika.

Nilisema.

Nilisema yote nikitazama mkeka. Nilitarajia kugombezwa. Daktari Nthenya akasema, "Hata mimi nilikosea. Nilimpa maagizo mtu anayeenda shule. Fundi anayebaki na mtoto mchana kutwa sijawahi kumwona uso. Mleteni Susu Alhamisi ijayo. Na soksi tuiache kabisa."

Njiani, tulipokaribia nyumbani, Mama akanigeukia. "Utamwambia wewe," alisema. "Mimi ni mke wa mwanawe. Wewe ni mjukuu, utasamehewa."

Nilimwambia Susu jioni hiyo, nikimshikia uzi wakati anausokota pajani. Nilimsomea daftari lote tena, pamoja na mstari nilioruka. Mikono yake ilisimama.

"Kwa hivyo mimi ndiye nilimfunga mtoto kama mbuzi wa soko."

"Ni mimi, Susu. Sikukusomea yote."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?" Alionekana kushangaa kweli. "Mimi ambaye hata jogoo wa jirani hanitii?"

Sikujua kama nicheke. Akaendelea kusokota, kwa nguvu zaidi, kisha akaacha tena. "Heshima gani hiyo, Mwende, ya kumwacha mtu mzima apotee njia na wewe unaijua?"

Swali hilo nimelinakili ukurasa wa mwisho wa daftari.

Alimwita Mumbua. Mumbua akaja pole pole, mkono nyuma. Susu akauomba ule mkono wa kushoto, akaukunjua juu ya kiganja chake mwenyewe, na akautemea mate mepesi, vile wazee wetu wanavyombariki mtoto. Mama, ambaye kanisa letu limemfundisha kutopenda mambo hayo, aligeuka akatazama sufuria. Mumbua alipangusa mate kwenye gauni na kusema, "Susu, unanuka ugoro." Basi tukacheka sote, hata Mama, akiwa bado ametupa mgongo.

Alhamisi iliyofuata Susu alivaa viatu vyake vya harusi na mazishi, akaenda hospitali. Mimi nilikuwa shuleni, lakini Mama amenisimulia mara nyingi hivi kwamba najiona nilikuwepo. Daktari Nthenya hakumfundisha kitu. Alimwomba amwonyeshe jinsi ya kufuma. Susu alikuwa amebeba kiondo alichokianza, akaonyesha: mkono mmoja unashika nyuzi tu, zisiteleze, na mwingine ndio unapita huku na huku.

"Huu unaoshika ni mvivu?" Daktari aliuliza.

"Uvivu wapi! Ukiachia, kazi yote inafumuka."

"Basi huo ndio nataka mkono wa kulia wa Mumbua uwe. Sitaki ufume. Nataka ushike."

Mama anasema Susu aliutazama mkono wa Mumbua kana kwamba ndiyo mara ya kwanza ameonyeshwa. Kisha akauliza, "Hii shule inataka abebe sahani ya namna gani? Kubwa kiasi gani?" Daktari akamwonyesha kwa mikono, na Susu akaipima kwa shubiri hewani.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na kitu kipya nyumbani. Sijui nikiite nini. Ni kama kitako cha kiondo kisicho na kuta, cha katani, sahani inakaa juu yake bila kuteleza, na chini kuna mkanda mpana ambamo kiganja cha kulia cha Mumbua kinaingia na kukaa. Si lazima vidole vishike. Kiganja kinabeba tu, na mkono wa kushoto unashika ukingo. Susu alikifumua na kukifuma upya mara nne. Cha kwanza kilikuwa kikubwa mno, cha pili mkanda ulimchoma, cha tatu ng'ombe wa jirani alikitafuna.

Mazoezi yalikuwa kila jioni kabla ya giza, kutoka jikoni mpaka kwenye benchi la nje. Kwanza sahani tupu. Halafu punje za mahindi. Mara nyingi zilimwagika, na kuku wakajua saa. Ikifika saa kumi na moja walikuwa wanajipanga mlangoni na kumsindikiza Mumbua kama wanakwaya. Yeye aliwatukana kwa Kikamba kizuri sana alichojifunza kwa Susu. Mwezi wa kumi na mbili tulihamia kwenye ndengu zilizochemshwa, zenye supu, na hapo gauni moja baada ya jingine likawa na ramani ya Afrika. Hatukumsaidia. Kulikuwa na siku nilitoka nje kwa sababu sikuweza kukaa hapo bila kusaidia. Mama alikalia mikono yake.

Basi, leo.

Chekechea wanakula saa sita, sisi saa saba. Kati ya shule zetu kuna ua wa minyaa tu. Saa sita kasoro dakika tano niliomba ruhusa ya kwenda choo, na ningependa kukiri hapa kwamba choo chetu kiko upande mwingine kabisa.

Nilipata tundu kwenye ua. Walikuwa wamepanga foleni, sare mpya, zote kubwa mno. Mumbua alikuwa wa sita au wa saba, kile kitako cha kiondo kiko tayari mkononi. Mpishi alimtazama, akatazama mkono, akafungua mdomo kusema kitu, kisha akaona Mwalimu Kalekye anamtazama yeye. Akaweka sahani juu. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Akamimina supu. Nikaomba kimoyomoyo asimimine nyingi. Akamimina nyingi.

Kutoka jikoni mpaka kwenye benchi ni hatua kumi na nne za Mumbua. Kwenye ya tano mtoto mmoja alimpita akikimbia, sahani ikainama, supu ikateremka kwenye sare. Mumbua akasimama. Nyuma yake foleni ikasimama. Mtoto mmoja akasema, "Twende basi!" Mwalimu Kalekye alichukua hatua moja mbele, na mimi nikashika mnyaa bila kujali utomvu wake.

Mumbua hakuangalia mtu. Aliangalia sahani mpaka ikatulia. Kisha akaenda. Sita, saba, nane. Akafika. Akaiweka chini kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Halafu akagundua hana kijiko.

Akarudi foleni nzima kukichukua, na aliporejea akakuta msichana mwingine ameketi mahali pake. Akamsukuma kwa kiwiko. Kiwiko cha kulia! Mkono ule ule ambao miaka sita haukufanya kitu, leo umemwondoa mtu kwenye benchi. Najua si adabu. Nilifurahi kupita kiasi. Akaketi, akala kwa mkono wa kushoto, polepole, na mtu hakumgombeza, na alikuwa wa mwisho kumaliza lakini alimaliza. Nilirudi darasani nimechelewa na macho mekundu, mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Hiyo ilikuwa kweli.

Saa kumi nilienda kumchukua. Mwalimu Kalekye alikuwa anazungumza na wazazi wawili. Siku zote mimi husubiri mpaka watu waondoke, na wakichelewa kuondoka naondoka mimi. Leo nilisubiri wanyamaze tu, nikasema mwalimu, samahani, kuna mambo ya Mumbua. Nikayasema mbele ya wale wazazi wote wawili. Kwamba ni wa mkono wa kushoto na mkono huo usigombezwe na mwalimu, mpishi wala mtoto mwenzake. Kwamba akichoka mkono wa kulia unapanda kifuani wenyewe, si ukaidi, apumzishwe. Kwamba asibebewe sahani hata akimwaga, labda akiomba. Sikuruka hata moja.

"Ngoja," Mwalimu Kalekye alisema, akatafuta kalamu. "Rudia nikiandika."

Nikarudia.

Tulifika nyumbani tukamkuta Susu njiani, amekuja kutulaki kwa kisingizio cha kutafuta kuku. Alikikagua kitako cha kiondo kabla ya kumkagua Mumbua, akaona supu imeingia kwenye katani, akasema atafuma kingine chenye ukingo. Daktari Nthenya naye ameomba viwili kwa watoto wengine wa Alhamisi. Susu anajifanya hiyo ni kazi ya kumsumbua. Tangu tulipofika amekwisha kupima nyuzi.

Nimeridhika leo. Sijui kesho itakuwaje, mkono bado ni mzito na watoto wanaweza kuwa wakali, na kuna vifungo vya sare, na kuna kalamu, na kuna mambo ambayo hata bado hatujayajua. Lakini tunajua mlango uko wapi, na Alhamisi ziko nyingi.

Nilikuwa nimepanga kesho niombe tena ruhusa saa sita kasoro. Mumbua amekuja sasa hivi, amevuliwa sare, anakula embe kwa mikono miwili, mmoja unashika, mmoja unapeleka mdomoni. Amesimama mbele yangu kama askari.

"Kesho usije kwenye ua."

"Mbona?"

"Wenzangu waliniuliza yule msichana mrefu anayelia kwenye minyaa ni nani."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia simjui."

Ameenda zake kumwagia kuku maganda. Kesho chekechea wanakula githeri ya mahindi na maharagwe. Mimi nitabaki darasani mpaka saa saba, kama wanafunzi wengine.